Soksi za Kufuma kwa Mkono: Tufume, Tutie Rangi, Tulinde Miguu

Matatizo mengi ya miguu yanayowafikisha watu zahanati yanaweza kuzuilika nyumbani. Tunazungumzia fangasi kati ya vidole, visigino vilivyopasuka, funza, vidonda visivyopona na uvimbe wa mguu unaorudi kila baada ya muda. Kinga yake ni vitu vitatu: maji na sabuni, viatu, na soksi kavu. Viwili vya kwanza vimekwisha zungumzwa sana. Makala hii inahusu cha tatu, kwa sababu soksi ni kitu ambacho mkazi wa kambi anaweza kujitengenezea mwenyewe kwa uzi wa sweta kuukuu na spoki za baiskeli.

Tutaeleza kwa nini soksi ni jambo la afya katika eneo letu la Rubavu, namna ya kupata uzi na sindano, namna ya kufuma, na namna ya kutia uzi rangi bila kuhatarisha watoto, maji wala chakula. Sehemu ya rangi isomwe kwa makini zaidi, kwani humo ndimo hatari zilimo.

UDONGO WETU NA MIGUU YETU

Mji wa Gisenyi uko kando ya Ziwa Kivu, chini ya safu ya milima ya volkano ya Virunga. Mlima Nyiragongo, ulio ng'ambo ya mpaka, ulilipuka tarehe 17 Januari 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021. Mara zote mbili watu wengi walikimbilia Gisenyi kwa miguu. Kituo cha mapokezi cha Nkamira, katika wilaya hii ya Rubavu, kilipokea wakimbizi kutoka Kongo mwaka 2012 na tena mwaka 2023. Waliopita humo wanajua baridi ya usiku katika vilima hivi, na wanajua udongo wake unavyoshika miguu mvua inaponyesha.

Udongo wa volkano huzaa vizuri mahindi, viazi na maharage. Lakini kwa mtu anayetembea pekupeku kwa miaka mingi, udongo huo unaweza kuleta ugonjwa unaoitwa podokoniosi. Wanyarwanda huuita imidido. Chembe ndogo sana za madini hupenya ngozi ya nyayo na kuharibu mishipa inayorudisha majimaji ya mwili kutoka miguuni. Mguu huanza kuwasha na kuchoma. Kisha huvimba jioni na kupungua asubuhi, na hatimaye uvimbe hubaki. Ngozi hukakamaa na kutoa vinundu, na mara kwa mara mgonjwa hushikwa na homa na maumivu makali ya mguu.

Jina la podokoniosi lilitolewa na daktari Mwingereza Ernest Price, aliyefanya kazi Ethiopia, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mguu na vumbi. Utafiti wa nchi nzima uliofanywa Rwanda mwaka 2017 ulikuta ugonjwa huu katika wilaya zote 30, na ulikadiria kuwa watu wapatao 6,400 wanaishi nao. Wilayani Musanze, shirika la Heart and Sole Africa limekuwa likiwahudumia wagonjwa hao.

Ni muhimu kila mkazi aelewe mambo manne kuhusu imidido:

- Hauambukizi. Unaweza kula, kulala na kufanya kazi pamoja na mgonjwa bila hofu.
- Hauletwi na mbu, wala si uchawi, wala si laana ya ukoo. Unaonekana zaidi katika familia fulani kwa sababu baadhi ya watu hurithi mwili unaodhurika kwa urahisi na udongo huo.
- Unazuilika kabisa kwa kulinda miguu tangu utotoni.
- Aliyekwisha kuvimba anaweza kupata nafuu kubwa kwa kuosha miguu kila siku, kuipaka mafuta, kuiinua anapopumzika, na kuvaa soksi na viatu.

Soksi peke yake haitoshi. Ukitembea na soksi bila viatu, italowa matope na kuushikilia udongo kwenye ngozi, na hapo madhara yanazidi. Soksi huvaliwa ndani ya kiatu, juu ya mguu uliooshwa na kukaushwa. Huzuia vumbi linaloingia kiatuni, hunyonya jasho, na huzuia kiatu kisichubue ngozi. Mchubuko mdogo ni mlango wa vijidudu, hasa kwa mguu uliovimba.

Umuhimu wa soksi kavu ulithibitika zamani. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, 1914 hadi 1918, askari waliosimama siku nyingi ndani ya mahandaki yenye maji walioza miguu, na wengine walikatwa. Amri iliyotolewa ilikuwa nyepesi: kausha miguu, ipake mafuta, badilisha soksi. Katika nchi nyingi wanawake, wazee na watoto wa shule walifuma soksi kwa mikono na kuzipeleka vitani.

SOKSI ZA MTOTO MCHANGA

Mtoto mchanga hupoteza joto haraka, hasa aliyezaliwa na uzito chini ya gramu 2,500. Kinga ya kwanza ni kifua cha mama. Mtoto alazwe ngozi kwa ngozi, afunikwe, na anyonyeshwe. Njia hii, inayoitwa utunzaji wa kangaruu, ilianzishwa Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, na sasa inatumika duniani kote. Kofia na soksi huongezwa juu ya hapo. Haziwezi kuchukua nafasi ya kifua cha mama.

Soksi za mtoto zina hatari moja ambayo kila mfumaji lazima aijue. Uzi mmoja uliolegea ndani ya soksi unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto na kukaza kila anapopiga teke. Kidole huvimba, huwa chekundu au cha buluu, na damu ikikatika kinaweza kupotea. Kwa hiyo:

- Ficha ncha zote za uzi kwa kuzipitisha katikati ya vitanzi, kisha zikate.
- Usifume maua au michoro inayoacha nyuzi ndefu upande wa ndani.
- Geuza soksi ndani nje na uikague kila mara kabla ya kumvisha mtoto.
- Mtoto akilia bila kunyamaza, mvue soksi na utazame kila kidole. Ukiona uzi au unywele umekaza, nenda zahanati mara moja, hata kama ni usiku.

KUPATA UZI

Nyuzi nyingi zinazouzwa masokoni ni za plastiki, ziitwazo akriliki. Ni za bei nafuu na zinafulika kwa urahisi, lakini zinaacha jasho juu ya ngozi na hazikubali rangi za mimea. Sufu ya kondoo ina joto zaidi, hunyonya jasho, na hushika rangi vizuri. Pamba ni nzuri kwa joto la mchana, ila hukawia kukauka.

Ukitaka kujua uzi wako ni wa aina gani, kata kipande kifupi, kishike kwa kibanio, ukichome nje ya nyumba juu ya bati. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika kwa vidole. Pamba hunuka kama karatasi. Akriliki huyeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Hii pia inakuonyesha kwa nini mtoto aliyevaa akriliki asiachwe karibu na moto: uzi ukishika moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi.

Njia rahisi ya kupata sufu ni kufumua sweta la mtumba, au kama wanavyosema hapa Rwanda, la caguwa. Tangu mwaka 2016, Rwanda ilipopandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, nguo hizo hazipatikani kwa wepesi kama zamani. Lakini sweta lililotoboka viwiko bado lina uzi mwingi mzuri kifuani na mgongoni. Tazama kibandiko cha shingoni: maandishi "wool" au "laine" maana yake ni sufu. Kagua pia mishono ya pembeni. Sweta lililofumwa kwa umbo hufumuka kwa uzi mrefu, na lililokatwa kwa mkasi kisha likashonwa hutoa vipande vifupi tu.

Lifue sweta kwanza. Fumua mishono, anza kuvuta uzi kutoka juu, na uuzungushe kwenye mgongo wa kiti ili uwe kitita. Funga kitita mahali panne kwa kipande cha uzi, kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu, kikamue bila kukisokota, ukitundike kivulini. Mikunjo ya zamani itanyooka. Soksi za mtu mzima huhitaji gramu 100 hivi za uzi.

SINDANO ZA SPOKI

Soksi isiyo na mshono hufumwa kwa mzunguko, kwa sindano tano zenye ncha pande zote mbili: nne hushika vitanzi na ya tano hufuma. Spoki ya baiskeli ina unene wa milimita 2 hivi, kipimo kile kile cha sindano nyembamba za soksi. Muombe fundi baiskeli spoki kuukuu. Kata tano zenye urefu wa sentimita 18 hadi 20, zisugue ncha kwenye jiwe mpaka ziwe za mviringo, ondoa kutu kwa mchanga na uzioshe kwa sabuni. Ncha isiwe kali ya kutoboa. Kwa uzi mnene, chonga vijiti vya mwanzi vya milimita 3.

Sindano zihifadhiwe ndani ya kopo lenye mfuniko, mbali na watoto. Jicho lililotobolewa na spoki ni vigumu kuokolewa.

NAMNA YA KUFUMA

Maelezo haya ni kwa mtu anayejua tayari kitanzi cha mbele na kitanzi cha nyuma. Asiyejua amwombe jirani amfundishe, kwa kuwa mambo hayo mawili hujifunzwa kwa siku chache.

Kwanza fuma kipande kidogo cha majaribio, uhesabu vitanzi vilivyomo katika sentimita 10. Pima mguu kwa kuuzungushia uzi sehemu pana. Soksi iwe nyembamba kidogo kuliko mguu ili isikunjamane ndani ya kiatu. Idadi ya vitanzi igawanyike kwa nne. Mfano wetu ni wa vitanzi 48, unaofaa mtoto mkubwa au mwanamke mwenye mguu mdogo. Mguu mkubwa unaweza kuhitaji 56 au 60.

1. Anzisha vitanzi 48 bila kukaza. Weka 12 kwenye kila sindano na uunganishe mzunguko, ukiangalia visijisokote.

2. Ukingo: fuma viwili vya mbele, viwili vya nyuma, kwa sentimita 5.

3. Fuma vyote vya mbele mpaka soksi ifikie urefu unaotaka juu ya kisigino.

4. Kipande cha kisigino: chukua vitanzi 24 tu, ufume kwenda na kurudi mistari 24, wa mbele upande wa nje na wa nyuma upande wa ndani. Kila mwanzo wa mstari, hamisha kitanzi cha kwanza bila kukifuma.

5. Kukunja kisigino: upande wa nje, fuma 14, fuma viwili pamoja, fuma kimoja, geuza. Upande wa ndani, hamisha kimoja, fuma vitano vya nyuma, fuma viwili pamoja, fuma kimoja, geuza. Sasa utaona pengo kila upande. Endelea: hamisha kimoja, fuma mpaka kibaki kimoja kabla ya pengo, fuma viwili pamoja juu ya pengo, fuma kimoja, geuza. Katika mistari miwili ya mwisho hakutakuwa na kitanzi cha kufuma baada ya kuunganisha viwili. Utabaki na vitanzi 14, na kisigino kitakuwa na umbo la kikombe.

6. Fuma hivyo 14, okota vitanzi 12 ubavuni mwa kisigino, fuma 24 vya juu ya mguu, okota 12 ubavu wa pili. Jumla ni 62. Fuma kwa mzunguko, na kila mzunguko wa pili punguza kitanzi kimoja kila upande, pale unyayo unapokutana na sehemu ya juu. Ukifanya hivyo mara 7 utarudi kwenye 48.

7. Fuma vya mbele mpaka zibaki sentimita 4 au 5 kufikia ncha ya kidole gumba.

8. Vidole: punguza vitanzi vinne, yaani mwanzoni na mwishoni mwa upande wa juu na wa chini, kila mzunguko wa pili mpaka vibaki 24. Kisha punguza kila mzunguko mpaka vibaki 8. Kata uzi, upitishe ndani ya vitanzi hivyo, vuta, funga, ufiche ncha.

Anayeona kisigino ni kigumu afume bomba tu, mbili mbele na mbili nyuma tangu mwanzo mpaka vidoleni. Soksi ya namna hiyo hunyumbulika na kujishika. Inafaa watoto, kwa sababu kila siku inakaa upande tofauti na haitoboki mahali pamoja.

KUTIA RANGI

Uzi wa rangi ya maziwa au kijivu ukifumuliwa unaweza kutiwa rangi kabla ya kufumwa. Kiasi cha kilomita 60 kutoka Gisenyi, mjini Musanze, wanawake wa Handspun Hope husokota sufu kwa mkono na kuitia rangi zinazotokana na mimea. Kazi hiyo yaweza kufanyika kambini kwa kiasi kidogo, ila ina masharti ya afya.

Sharti la kwanza ni maji. Kiwango cha chini kinachotumiwa na mashirika ya misaada, kiitwacho Sphere, ni lita 15 kwa mtu kwa siku, kwa kunywa, kupika na usafi. Kutia rangi kitita kimoja na kukisuuza kunaweza kumaliza lita zote hizo. Kwa hiyo watu wanne au watano watie rangi pamoja katika chombo kimoja. Tumieni maji ya mvua, ambayo pia hushikisha rangi vizuri. Maji ya rangi yakitumika mara moja, tieni kitita kingine ndani yake mpate rangi hafifu zaidi.

Sharti la pili ni chombo. Sufuria, ndoo au kopo la rangi lisirudi jikoni kamwe, wala dumu la maji ya kunywa lisitumike kwa rangi. Kitie alama ambayo hata mtoto ataitambua.

Sharti la tatu ni moto. Usitie rangi ndani ya nyumba au hema. Jiko la makaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Njia ifuatayo haihitaji kuni za ziada.

Hatua ya kwanza: loweka kitita kwenye maji yenye sabuni kidogo kwa saa moja, kisha kisuuze.

Hatua ya pili: yeyusha shabu, ambayo wauzaji wa Kifaransa huiita alun. Kwa gramu 100 za sufu weka gramu 10 hadi 15 za shabu iliyosagwa, kama vijiko vitatu vya chai. Iyeyushe kwa maji ya moto, ongeza maji baridi, tumbukiza sufu. Iache siku tano, ukiigeuza mara moja kila siku. Shabu ndiyo inayoshikamanisha rangi na uzi.

Hatua ya tatu: weka mmea wa rangi ndani ya chupa kubwa ya kioo au ndoo yenye mfuniko, mimina maji ya moto yaliyobaki baada ya kupika, na uache yapoe. Tumbukiza sufu, funika, uweke juani siku tano hadi saba. Mfuniko ni lazima, kwa sababu maji yaliyotuama wiki nzima ni mahali pa mbu kuzaliana.

Hatua ya nne: toa uzi, usuuze kwa maji ya joto lile lile, ukaushe kivulini. Sufu ikihamishwa ghafla kutoka maji ya moto kwenda baridi, au ikisuguliwa sana, husinyaa na kugandamana.

Hatua ya tano: sugua uzi kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Rangi ikitoka, suuza tena. Soksi ya mtoto mchanga isifumwe kwa uzi unaotoa rangi, maana mtoto hutia kila kitu mdomoni.

Mimea na mabaki ya jikoni yanayofaa ni haya:

- Maganda makavu ya vitunguu: manjano iliyokolea hadi rangi ya chungwa. Uzito wake uwe sawa na wa uzi.
- Majani ya chai yaliyokwisha kutumika: kahawia. Hayahitaji shabu.
- Kokwa na maganda ya parachichi: waridi hafifu hadi kahawia. Hayahitaji shabu.
- Kishona nguo, ambacho Wanyarwanda hukiita inyabarasanya, kikiwa na maua: manjano.
- Majani ya mkaratusi: kahawia hadi rangi ya chungwa. Haya huhitaji kuchemshwa taratibu nje.
- Binzari: manjano kali, ila hufifia haraka juani.

RANGI ZA KUEPUKA

Watu hutamani rangi nyeusi, nyekundu na buluu zinazong'aa, na hapo ndipo wanapoingia hatarini. Epuka vitu vifuatavyo:

- Unga mweusi wa ndani ya betri za redio au tochi. Una metali zenye sumu zinazobaki mikononi, kwenye vyombo na kwenye udongo wanapocheza watoto.
- Tindikali ya betri za magari na soda kali. Mtoto akinywa funda moja, koo huungua.
- Rangi nyeusi ya unga inayouzwa kwa kupaka nywele au kuchanganywa na hina. Ikimezwa huvimbisha uso na koo na kuharibu figo. Imeua watu wengi Afrika.
- Unga wowote wa rangi usio na jina wala maelezo, uliofungwa kwenye nailoni.

Ukitaka rangi kali, tumia rangi ya chakula iliyofungwa dukani. Inashika kwenye sufu ukiongeza siki kidogo katika maji ya moto. Usichanganye siki na dawa ya klorini ya kusafishia, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa moshi unaochoma mapafu.

Maji machafu ya rangi yamwagwe kwenye shimo la maji machafu, mbali na bomba. Mtoto akinywa maji ya rangi au ya shabu, usimtapishe. Mpeleke zahanati haraka pamoja na chombo alichonywea.

NANI AVAE SOKSI YA NAMNA GANI

Mtu mwenye mguu uliovimba avae soksi yenye ukingo uliolegea, isiyo na lastiki. Alama iliyobaki kwenye ngozi jioni inaonyesha kuwa soksi imebana. Kama amefungwa bendeji na mhudumu wa afya, soksi ivaliwe juu yake na isiwe badala yake.

Mgonjwa wa kisukari, na mtu ambaye miguu yake imekufa ganzi kwa ukoma, anaweza kukanyaga msumari asihisi. Yeye afumiwe soksi ya rangi hafifu, kama nyeupe au manjano ya mbali, ili damu au usaha uonekane haraka. Aivae ikiwa imegeuzwa ndani nje, fundo la vidoleni lisimkandamize. Kila jioni mtu mwingine amtazame nyayo.

Watu wote wawe na jozi mbili, moja mguuni na nyingine kwenye kamba. Soksi ifuliwe kwa sabuni kila siku na ikauke kabisa. Soksi mbichi huleta fangasi. Tusiazimane soksi, hata ndugu kwa ndugu.

JE, ZINAWEZA KUUZWA?

Tuseme ukweli. Jozi moja ya soksi za mtu mzima inaweza kumchukua mfumaji mzuri siku mbili au tatu za kazi, na soko limejaa soksi za kiwandani za bei ya chini. Anayeshindana nazo kwa bei atapata hasara. Penye nafasi ni pale ambapo kiwanda hakifiki: kofia na soksi za mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au soksi pana za mguu uliovimba ambazo haziuzwi dukani. Kikundi cha watu watano kinaweza kununua shabu pamoja, kutia rangi pamoja, na kuweka akiba kidogo kidogo. Anza na familia yako. Kikundi kiwafumie wagonjwa wa jirani, kisha ndipo kitafute mnunuzi.

KUMBUKA

- Osha miguu kila jioni kwa sabuni, kausha kati ya vidole, paka mafuta.
- Vaa soksi safi na kavu ndani ya viatu. Watoto pia wavae viatu.
- Kagua ndani ya soksi ya mtoto mchanga kabla ya kumvisha.
- Chombo cha rangi kisirudi jikoni, na maji ya rangi yafunikwe.
- Miguu ikianza kuwasha, kuchoma au kuvimba jioni, usingoje. Muone mhudumu wa afya wa eneo lako au fika zahanati. Imidido ikigunduliwa mapema, mguu unaweza kurudi katika hali yake.